Malkia Watatu wa Mama Pindo

Kifungo bado kipo mezani, msomaji. Tumekiacha pale wiki nzima na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo ni haya. Katika chumba cha ushonaji cha Bi Mkubwa kuna vyerehani kadhaa na dirisha moja. Fundi aliyekuwa akikaa dirishani ameacha kazi, na wenzake wakaanza kuigombea nafasi yake mpaka wakaivuta sketi ya mteja, huyu huku, huyu kule. Bi Mkubwa akatoa amri. Wacheze karata, poka, kirafiki, wakati wa mapumziko ya mchana. Atakayebaki wa mwisho akae dirishani, na asisikie tena kelele.

Pesa zilikatazwa. Wakagawiana vifungo kutoka kwenye kopo, na Mzee wa Pasi, aliyepewa kazi ya kugawa karata na kuamua ugomvi, akatunga sheria yake: kifungo kina thamani ya matundu yake. Chenye matundu mawili ni mbili, chenye manne ni nne. Sheria ilikuwa nyepesi na kila mtu aliisifu.

Sasa Fundi Koti ameishiwa. Ameingiza mkono mfukoni, ametoa kifungo kikubwa kilichovikwa mahameli ya kijani, amekisukuma katikati ya meza na kusema hicho ndicho pekee alichobaki nacho.

Na kifungo kile hakina tundu hata moja.

Mama Pindo alikuwa amekaa mbele yake, karata tano kifuani. Mwanamke huyu hupinda nguo: suruali, magauni, mapazia, chochote chenye ncha. Alikuwa mjane wa kaka yake Fundi Koti, kwa hiyo wao wawili waliitana shemeji, hata siku ambazo hawakusalimiana.

Ubishi ukawaka. Dada Mikono, mshonaji wa mikono ya nguo, aliyekwisha tolewa mchezoni tangu jana na sasa alikuwa mtazamaji mwenye maneno mengi kuliko wachezaji, alisema hesabu ni rahisi. Kifungo hakina tundu, basi thamani yake ni sifuri, na mtu hawezi kucheza kwa sifuri. Fundi Koti akasema dada huyu hajui kitu. Tundu ndilo lenye idadi. Kitu kisicho na tundu hakina idadi, na kisicho na idadi hakina mwisho. Kwa hiyo ameweka dau lisilo na mwisho, na shemeji yake kama anataka kumfuata atafute vifungo vyote vya mji huu.

Wote wakamgeukia Mzee wa Pasi.

Mzee wa Pasi hawezi kufikiri akiwa amekaa. Aliinuka, akaenda kwenye meza yake, akapiga pasi mguu mmoja wa suruali mpaka chini. Akarudi na hukumu. Kifungo cha kuvikwa, alisema, kina kifungo kingine ndani. Kifumuliwe, matundu ya kile cha ndani yahesabiwe.

"Mama Pindo, wewe ndiye mwenye mkono mwepesi," akasema. "Kifumue."

Mama Pindo akakichukua. Akapitisha kidole gumba juu ya mahameli ile, mara moja tu.

Alikijua. Vidole vyake vilikijua. Mahameli ile yenye manyoya yanayolala upande mmoja, yeye mwenyewe ndiye aliyepinda ncha zake juzi. Koti la mteja mmoja, mpiga tarumbeta. Lilikuwa limening'inia ukutani nyuma ya Fundi Koti, tayari kuchukuliwa leo hii, na bila shaka lilikuwa na uzi unaoning'inia mahali palipokuwa na kifungo.

Shemeji yake alikuwa ameweka dau kwa mali ya mteja.

Bi Mkubwa ni mwanamke wa kusamehe mengi. Husamehe kuchelewa, husamehe koti lenye bega moja juu na moja chini. Lakini kifungo cha mteja hasamehi. Fundi aliyemtangulia Fundi Koti alifukuzwa kwa kushonea kifungo cha mteja kwenye suruali yake mwenyewe, tena alifukuzwa palepale, na kifungo kikabaki, akaenda nyumbani ameshikilia kiuno.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: Mama Pindo angekifumua, angeshangaa kidogo, angesema mbona hii kama mahameli ya koti lile pale. Basi. Mchezo umekwisha, dirisha lake.

Na dirisha lile alilihitaji kuliko wote. Fundi Koti alilitaka ili wapita njia wamwone. Dada Mikono alilitaka ili awaone wapita njia. Mama Pindo alilitaka kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa Mungu: macho yalikuwa yakimwishia. Pale alipokuwa akikaa, kando ya meza ya pasi, alipinda kwa kupapasa. Uzi mweusi na wa buluu hakuweza tena kuutofautisha, akawa anamwuliza Dada Mikono, "Mwanangu, unaonaje rangi hii?" kana kwamba anamtaka ushauri. Kwenye mwanga mzuri angeweza kwenda mwaka, pengine miwili. Gizani, mwisho wa mwezi ungetosha, kisha Bi Mkubwa angegundua, na Bi Mkubwa hana kazi ya fundi asiyeona.

Alikishika kile kifungo. Akamwangalia shemeji yake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo wa juu, naye akivitazama vidole vya Mama Pindo kama mtu anayemtazama daktari akifungua majibu.

Mama Pindo akamtaja Mungu moyoni, na kusema ukweli hakumtaja kwa furaha.

"Hiki tusikifumue," alisema. "Nitampa shemeji kifungo changu, acheze nacho."

Kisha Mzee wa Pasi akauliza kama amesikia vizuri. Mama Pindo akamwuliza naye: sheria inakataza mtu kumsaidia mpinzani wake?

Mzee akaenda kupiga pasi mguu wa pili wa suruali.

Aliporudi alisema ameitafuta sheria hiyo kichwani kote na hakuipata. Haipo. Tangu karata zigunduliwe hakuna mtu aliyewahi kutaka kufanya hivyo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukataza.

Mama Pindo akasukuma kifungo chake cha matundu manne kwa shemeji yake. Kile cha mahameli akakirudisha mkononi mwa Fundi Koti, akamkunja vidole juu yake, na kumwambia kwa sauti ya chini, "Kirudishe kwenye koti la watu."

Fundi Koti akageuka rangi. Alijibu kitu ambacho hakikusikika vizuri, lakini kilikuwa na neno shemeji ndani yake na kilikuwa cha adabu.

Adabu ile ilidumu mpaka karata zilipofunuliwa.

Mama Pindo alikuwa na jozi ya sita. Fundi Koti alikuwa na jozi ya nane. Akavuta vifungo vyote vya katikati kwa mikono miwili.

Raundi iliyofuata akashinda tena. Na iliyofuata. Mtu aliyekuwa amekufa mchezoni sasa alikuwa akipanga vifungo mbele yake kwa safu, wakubwa nyuma, wadogo mbele, kama watu wa kupigwa picha. Akaanza kupiga mluzi. Akaanza kumfundisha Mama Pindo namna ya kucheza. Alimweleza kwamba katika poka mtu hapewi anachotaka, anapewa karata tano, anaruhusiwa kubadilisha anazozichukia mara moja, na baada ya hapo ni uso tu. Uso usiseme. Karata mbaya unaziangalia kama mtoto wako aliyefaulu. Ukiona mwenzako anapandisha dau na wewe huna kitu, unatupa, hakuna aibu. Au unapiga mkwara, unapandisha zaidi, umtishe, akimbie.

"Lakini wewe shemeji mkwara huwezi," alimalizia kwa huruma. "Wewe hata paka ukimdanganya unakwenda kutubu."

Dada Mikono alimnong'oneza Mama Pindo kwamba wema huu sasa ni ugonjwa, na kama anagawa vifungo basi angempa yeye jana, asingetolewa. Mama Pindo alikuwa akihesabu kwa vidole vifungo vilivyobaki mbele yake, na havikuchukua muda.

Kisha karata zikakataa.

Zilikuwa zimelowa. Mikono ya Fundi Koti hutoka jasho akifurahi, na siku ile alikuwa amefurahi sana. Zilinyong'onyea, zikajikunja ncha, zikawa hazigawiki. Mzee wa Pasi akazikusanya bila neno, akazipeleka kwenye meza yake na kuzipiga pasi zote, moja moja, mbele na nyuma, kwa uangalifu wa mtu anayenyosha shati la harusi. Zilirudi zimenyooka kabisa na za moto, watu wakawa wanazipuliza kama uji.

Lakini mzee alisahau jambo ambalo fundi yeyote analijua. Ukipiga pasi bila kitambaa chenye maji juu yake, kitu kinang'aa. Suruali hung'aa makalioni. Karata ziling'aa zote, mbele na nyuma, kama zimepakwa mafuta.

Hapo pazia la chumba cha kujaribia nguo likatikisika. Humo ndimo Bi Mkubwa hupumzika mchana, miguu juu ya kiti. Sauti yake ikatoka, yeye hakutoka. Wateja wanakaribia kuja, alisema. Raundi hii ni ya mwisho. Atakayeichukua, achukue dirisha, awe na vifungo vingi au kimoja.

Msomaji, ule utajiri wote wa Fundi Koti, safu zote zile za wakubwa na wadogo, ukawa takataka kwa neno moja la mtu aliyelala.

Mzee wa Pasi akagawa. Mama Pindo akafungua karata zake polepole karibu na pua. Mbili zilikuwa ndogo, hizo alizitambua kwa uchache wa alama, akazitupa na kupewa nyingine mbili zisizo na maana. Tatu zilikuwa na picha. Alizigeuza huku, akazigeuza kule, mng'ao ukimpiga machoni, akaona taji, nywele, ua mkononi. Malkia. Na huyu malkia. Na huyu tena malkia.

Malkia watatu. Hakuwahi kupata karata nzuri kiasi kile tangu mashindano yaanze. Akaweka vifungo vyake vyote katikati.

Ng'ambo ya meza mluzi ulikatika.

Fundi Koti alikuwa na tisa tatu. Sisi tunajua, Mama Pindo hakujua. Tisa tatu ni karata za mtu kulala nazo usingizi. Lakini alimtazama shemeji yake, akaona uso uliotulia kama wa mtu aliyekwisha sali na kuitikiwa, na mashaka yakamwingia.

Akauliza lile ambalo haliulizwi.

"Shemeji, una nini?"

Dada Mikono aliruka kwenye kiti, akadai hilo ni kosa, mtu haulizwi karata zake. Mzee wa Pasi akatazama suruali kwa hamu, lakini ilikuwa imekwisha miguu. Akaamua bila pasi: sheria inakataza kuonyesha, haikatazi kusema. Mama anaweza kujibu au kunyamaza, na akijibu anaweza kusema lolote, maana huo ndio mchezo.

Mama Pindo hajui kusema lolote. Anajua kusema lililopo.

"Nina malkia watatu," akasema.

Fundi Koti akaamini. Angewezaje asiamini? Miaka yote aliyomjua mwanamke huyu, hakuwahi kumsikia akiongeza hata chumvi kwenye maneno. Akitaka kumsema mtu, alimsema mbele yake. Aliyekonda aliambiwa amekonda. Kama shemeji amesema malkia watatu, malkia watatu wapo.

Sasa tazama kiburi kinavyofanya kazi. Angeweza kufunua, ashindwe, yaishe. Lakini kushindwa mbele ya Dada Mikono, ambaye angelisimulia jambo lile mpaka Mungu amchukue? Fundi Koti akavuta pumzi, akasimama, akanyosha koti lake mbele kwa viganja viwili. Akaweka karata zake mezani kifudifudi.

Alisema yeye anazitupa. Si kwamba ameshindwa, alisema, karata zake ni nzuri na nani asiyejua. Ila huyu ni mke wa marehemu kaka yake, aliyemfundisha kushika mkasi, na leo amemfanyia jambo ambalo hatalitaja. Dirisha ni la shemeji. Yeye ni mwanamume, atakaa popote.

Ilikuwa hotuba nzuri. Mzee wa Pasi alifuta jicho. Hata pazia lilitulia.

Dada Mikono ndiye aliyeharibu. Alinyosha mkono na kufunua karata za Fundi Koti, aone huo uzuri. Tisa tatu. Akasema ah, kumbe kweli. Kisha akafunua za Mama Pindo ili naye awatazame wale malkia.

Akakaa kimya, jambo ambalo lilimshtua kila mtu.

Palikuwa na malkia mmoja. Wa pili alikuwa mfalme, na ndevu zake. Wa tatu alikuwa yule kijana wa kofia. Mama Pindo hakuwa na jozi. Hakuwa na kitu.

"Mkwara," akasema Dada Mikono taratibu. Halafu kwa furaha, akipiga meza, "Mama amepiga mkwara."

Fundi Koti akarukia karata zake, anazitaka, amebadili nia, ndugu ni ndugu lakini tisa tatu ni tisa tatu. Mzee wa Pasi akaziwekea kiganja. Karata iliyotupwa ni maiti, alisema, na hapa hatufukui makaburi. Mshindi ni Mama Pindo.

Lakini Fundi Koti hakuwa tena akiangalia karata. Alikuwa akimwangalia shemeji yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta ukuta wa nyumba yake umehamishwa.

"Umenidanganya," akasema. "Wewe. Nimekuuliza uso kwa uso ukanidanganya."

Dada Mikono alisema kudanganya ndiyo poka. Alimkumbatia Mama Pindo, akamwita jemadari, akamwita simba, akasema siku zote alijua chini ya kile kilemba kuna akili za mjini. Mzee wa Pasi naye alimpa mkono kwa heshima mpya. Hakuna aliyemlaumu isipokuwa shemeji yake.

Mama Pindo alikuwa ameinamia zile karata tatu. Sasa alizigusa na pua kabisa. Ndiyo, ndevu zilikuwepo.

Njia ilikuwa wazi mbele yake, pana, imefagiliwa. Ilimtosha anyamaze tu. Acheke kidogo, akubali kuitwa simba. Angekuwa na dirisha, angekuwa na mwanga, na macho yake yangebaki siri yake na ya Mungu. Ila shemeji yake angeondoka pale akijua kwamba mwanamke yule mkweli hakuwahi kuwepo. Na yeye mwenyewe jioni angepiga magoti aseme nini? Asante kwa uongo ambao hata sikuusema?

Akamgeukia Fundi Koti.

"Sikukudanganya, shemeji. Niliona malkia watatu."

Fundi Koti akakunja uso. Akasema malkia ana ndevu wapi.

"Sikuziona ndevu," akasema Mama Pindo. "Sioni vizuri. Ni muda sasa."

Dada Mikono akamwachia bega. Ungeweza kuona kwenye uso wake nyuzi zote zile alizowahi kuulizwa rangi zake, zikipita moja baada ya nyingine. Mzee wa Pasi akatazama pasi yake kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Fundi Koti alikaa chini. Akaanza kusema kwamba labda ni mng'ao, karata zimeng'aa mno, hata yeye pale alipokaa alimwona mfalme kama bibi yake. Alikuwa akisema haraka na kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayetaka kufunika jambo kabla halijafika mbali.

Halikuwa na mbali pa kufika. Pazia lilikuwa wazi.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama pale, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Hakumkemea mtu. Alitembea mpaka kwenye kikapu cha Mama Pindo, akachukua kipande cha kitambaa cheusi, uzi mweusi, na sindano nyembamba kuliko zote, ile ya hariri, ambayo hata vijana huitukana. Akaenda dirishani, akavuta kiti, akakifuta kwa pindo la gauni lake.

"Umeshinda, Mama Pindo. Njoo ukae dirishani kwako," alisema. "Unitungie uzi huu."

Mama Pindo akaenda. Akakaa. Na kweli, mwanga ulikuwa kama alivyoufikiria usiku baada ya usiku. Ulimwagika mapajani mwake. Aliona mistari ya viganja vyake. Aliiona sindano, na ncha yake, na pale juu, kwa mbali, kama jicho la sisimizi, akaliona tundu. Akaramba ncha ya uzi, akainua mkono.

Nje lori likanguruma. Lilikuwa limebeba magodoro mpaka angani. Likarudi nyuma, likasogea, likarudi tena, likaegesha ubavu wake wote kwenye dirisha, karibu kiasi kwamba ungeweza kuligusa. Dereva akazima injini. Wakamsikia akifunga mlango na kuondoka akiimba.

Chumba kizima kikaingia giza.

Fundi Koti alikwisha fika mlangoni akimwita dereva, akimwita majina mengine pia. Bi Mkubwa hakugeuka. Alisema wateja wake hawangoji malori.

Basi Mama Pindo akayafumba macho, maana hayakuwa na kazi tena. Akaishika sindano kwa vidole vile vilivyojua mahameli gizani, akauleta uzi, akasukuma.

Kisha akakaa na mikono yake imeinuliwa, bila kuuvuta uzi, na Bi Mkubwa akainama kwenye giza, karibu kabisa, kutazama uzi ule umepita ndani ya tundu au kando yake.